Kiwanja cha mjini au ekari za nyikani kusiko na maji wala umeme? Tupeane uzoefu

MAMA ELI (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nina shilingi milioni 9 nilizodunduliza kwa miaka sita, na nimekwama njia panda. Kuna kiwanja kilichopimwa Nala, Dodoma, mita za mraba 600. Nguzo za umeme zimefika mtaani, bomba bado. Kwa pesa hiyo hiyo kuna ekari 20 Simanjiro, mkoani Manyara, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka barabara kubwa. Huko hakuna nguzo, hakuna bomba, hakuna jirani.

Mume wangu anataka ekari. Anasema mjini tutapata pa kulala tu, nyikani tutapata cha kuwarithisha watoto. Mimi nimekulia Kondoa. Nikiwa na miaka saba nilikuwa nafukua mchanga wa korongo na kusubiri maji yajikusanye kata moja moja, kwa hiyo nyika hainiiti kama inavyomwita yeye aliyekulia Moshi. Lakini ekari 20 ni ekari 20, na roho inanivuta.

Naomba mtu aliyenunua, aliyeishi au aliyeuza aeleze kilichomkuta. Mada mezani.

JIRANI WA BISIL

Dada, mimi ni Mkenya. Mwaka 2017 niliuza ploti yangu ya futi 50 kwa 100 pale Kitengela, nikanunua ekari tano ndani kabisa huku Bisil, Kajiado. Bado niko hapa na sijutii. Ila acha nianze na maji, maana mengine yote ni madogo.

Nilikuja nikitegemea kisima. Mpimaji akaja na vyombo vyake, akaonyesha mahali, tukachimba mita 180. Maji yakatoka, tukachinja mbuzi. Wiki mbili baadaye majibu ya maabara yakaja: floraidi miligramu 6 kwa lita, na Shirika la Afya Duniani linasema isizidi 1.5. Ndiyo hiyo inayowapaka watoto meno rangi ya kahawia, na ikizidi miaka mingi inaingia kwenye mifupa. Mke wangu aliuliza kama tuchemshe. Kuchemsha kunaharibu zaidi, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki pale pale. Pesa yote ya ploti iliyobaki ilikuwa imezama kwenye shimo lile. Maji yake tunafulia na kufyatulia matofali hadi leo.

Tukageukia mvua. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la nyumba na la banda yanafika mita za mraba 120. Huku kwetu mwaka wa milimita 500 ni mwaka mzuri, kwa hiyo ni lita 60,000. Toa yanayomwagika, na yale ya kwanza yanayoosha vumbi na mavi ya ndege, mimi huhesabu 45,000. Sisi ni watu watano. Kwa lita 20 kila mtu kwa siku, mwaka mzima ni lita 36,500. Yanatosha, ukiwa na pa kuyaweka. Mimi nilikuwa na tangi moja la lita 5,000. Mvua ya Novemba ilinijazia kwa siku mbili, halafu nikasimama mlangoni nikitazama maji yangu ya miezi saba yakishuka korongoni. Sasa nina matangi manne ya lita 10,000, na nililipa moja moja, mwaka baada ya mwaka.

Halafu ukaja ule ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana. Matangi yakalia kama ngoma. Tukanunua maji ya bowser, yaani lori la maji, na hapo nikajifunza kuwa kununua maji ni jambo moja na kufikishiwa ni jingine. Udongo wetu ni ule mweusi. Manyunyu ya nusu saa, yasiyojaza hata ndoo, yanatosha kuzuia lori lisipite siku tatu. Mke wangu alihamia kwa dada yake Kitengela na watoto kwa miezi minne. Nilibaki na mbuzi.

Stima haikunisumbua sana. Nina paneli mbili za wati 300, taa, simu, televisheni, friji ndogo inayofanya kazi mchana. Kosa langu lilikuwa betri za asidi. Hakuna aliyeniambia kuwa hazipaswi kutumika kupita nusu, nikawa nazimaliza kila usiku, zikafa kabla ya miaka miwili. Nilipoweka ya lithiamu nilipumzika.

Dada, kabla hujalipa hata shilingi, chukua chupa ya maji ya kisima cha karibu na hizo ekari uipeleke maabara. Ni gharama ndogo kuliko nauli yako.

MGOGO WA NZUGUNI

Mama Eli, usidhani mjini ni mjini tangu siku ya kwanza. Nilinunua kiwanja 2018, mwaka ule Dodoma ilipopewa hadhi ya jiji, na kila mtu alikuwa anakimbilia ardhi kwa sababu serikali inahamia. Nilichokuta ni vigingi, miiba na mibuyu. Miaka miwili nilinunua maji ya boza na kuchaji simu dukani. Kwa hiyo nami nimeishi nyikani, ila nyika yenye ramani. Ramani ndiyo iliyoniokoa. Jirani wa kwanza alijenga, wa pili akaja, tukawa kumi na moja, tukaandika barua moja ya kuomba umeme. Huko Simanjiro utaandika barua na nani?

Ila angalia hati. Yangu ilikuwa na sharti la kuendeleza ndani ya miezi 36. Kama milioni 9 ndiyo yote uliyonayo, huo muda unakwisha haraka. Mimi nilianza na chumba kimoja na choo, nikahamia humo humo.

Na hata bomba likifika, weka simtanki. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hivi. Ukiyakosa hayo unasubiri mwaka.

AISHA BBT

Mimi ni mjane. Naandika haya kwa sababu umetaja Simanjiro.

Marehemu mume wangu alinunua ekari 50 huko mwaka 2012 kwa mtu mmoja. Karatasi ya mauziano ipo hadi leo, ina mashahidi wanne na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa anaikunjua Ijumaa baada ya swala anaisoma. Alipofariki nilienda kuiona ardhi ya watoto wangu. Wazee walinipokea vizuri, wakanipa maziwa, kisha mmoja akatoa ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Ekari zetu zote zilikuwa ndani ya eneo la malisho.

Muhuri ulikuwa wa kweli. Mamlaka ndiyo hayakuwepo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mwenyekiti peke yake hana uwezo wa kumpa mtu ardhi. Ni kazi ya halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe. Aliyetuuzia alikuwa ameshahama na mwenyekiti yule ameshatoka madarakani. Sikuwa na wa kumdai, na kusema kweli sikuweza kuwachukia wale wazee, maana walioibiwa ni sisi sote.

Mdogo wangu, muombe muuzaji muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioridhia, wenye tarehe na orodha ya waliohudhuria. Akikuletea karatasi yenye muhuri peke yake, rudi nyumbani.

KIJANA WA LONGIDO

Shikamoo mama Aisha, pole sana.

Mimi ni mfugaji. Niliposoma "hakuna jirani" imenigusa. Ukija Juni utaona nyasi tupu umbali wa macho, useme hapana mwenyewe. Sehemu nyingi za namna hiyo kwetu zinaitwa alalili. Ni malisho tunayoyafunga makusudi wakati wa mvua, hakuna anayeingiza ng'ombe, ili Septemba na Oktoba kukiwa kumekauka kila mahali ndama na ng'ombe wadhaifu wapate pa kushika. Ukimya unaouona ni akiba yetu. Mtu akizungushia waya ekari 20 katikati, njia ya kwenda majini inakatika na boma nzima inazunguka.

Na wanyama pia wana njia zao. Tambarare za Simanjiro ndipo nyumbu na pundamilia wa Hifadhi ya Tarangire wanapokuja masika kuzaa na kula. Ukilima mahindi hapo, pundamilia watapita usiku mmoja na hutapata wa kumlaumu.

Sisemi msije. Tuna majirani waliokuja kutoka mbali tunaishi nao vizuri. Lakini walifika kwanza kwa wazee, wakakaa, wakauliza njia za mifugo ziko wapi, ndipo wakaonyeshwa pa kujenga.

MAMA FURAHA, PHOENIX

Miye ni mtu wa Bukavu, sasa niko Arizona, Marekani, huku jangwa ni jangwa la kweli. Shemeji yangu alinunua ekari kumi kaskazini ya jimbo kwa mtandao, bila kufika. Alilipa kidogo kidogo kila mwezi. Siku tulipoenda kuziona tulisimamishwa na waya wa ranchi. Huko ardhi zamani iligawanywa kama ubao wa drafti kwa ajili ya reli, kipande cha mtu, kipande cha serikali, kipande cha mtu. Kipande chake kilikuwa halali lakini hakikuwa na njia ya kisheria ya kukifikia. Tuliviona vichaka vyake kwa mbali tukarudi.

Na hata wenye pesa yaliwakuta. Nje ya mji wa Scottsdale kuna mtaa unaitwa Rio Verde Foothills, nyumba nzuri kabisa. Baadhi yao walikuwa wakiletewa maji kwa lori yaliyochotwa mjini. Tarehe 1 Januari 2023 mji ukafunga, ukasema maji yetu ni ya wakazi wetu. Watu walioga kwa ndoo na kula kwenye sahani za karatasi, mpango wa muda ukapatikana Oktoba. Sheria ya huku inamtaka mwenye kugawa viwanja sita au zaidi aonyeshe kuwa kuna maji ya miaka 100. Wagawaji wakawa wanakata vipande vitano vitano, sheria haiwagusi. Mnunuzi anaona nyumba, haulizi lori linachota wapi.

Ile hesabu ya paa ya ndugu wa Bisil nimeifanya kwa hapa Phoenix. Mvua yetu haifiki milimita 200 kwa mwaka. Paa la mita 120 halitupi hata lita 24,000. Na kuanzia tarehe 30 Juni 2023 tulikaa siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 na zaidi.

MAMA ELI

Nimechelewa kurudi, samahani. Nilimsomea mume wangu zote, ya mama Aisha nilimsomea mara mbili. Jumamosi tukapanda basi hadi Simanjiro.

Tulimwomba muuzaji muhtasari wa mkutano mkuu. Akasema upo kwa mtu, atautuma. Leo ni siku ya kumi na mbili. Tulipokuwa huko nilimwacha mume wangu na dalali, nikawafuata akina mama kisimani. Nilikuta punda tisa kwenye foleni. Mama mmoja aliniambia ameondoka kwake kabla ya alfajiri, na ilikuwa saa nne. Nilijaza chupa, nikatabasamu naye, meno yake yakanijibu kabla ya maabara.

Mume wangu hakuongea hadi tulipofika Orkesumet, makao makuu ya wilaya. Kisha akasema tulipie Nala, na ekari tutazitafuta siku nyingine, mahali tutakapofika kwanza kwa wazee. Tumelipa jana. Tutaanza na chumba kimoja, choo, na tangi kabla ya uzio.

Jirani wa Bisil, kaka yangu, naomba picha ya gata zako, hasa pale unapoyatoa maji ya kwanza yasiingie tangini. Fundi wetu anasema hajawahi kuitengeneza.