KDP Select: nijifunge siku 90?

MwanaShela: Jamani, nna riwaya yangu ya Kiingereza ya manahodha wa Lamu, nataka kuiandikisha KDP Select, mpango wa Amazon kwa waandishi, ili iingie Kindle Unlimited (wasomaji hulipia kwa mwezi wakasoma vitabu vya dijitali) ila naskia huruhusiwi kuuza pengine, kweli? Na nakala za karatasi nazouza hapa mjini je?

BintiMalindi: Kweli dadangu, siku 90 ile ya dijitali ni Amazon tu, na inajiendeleza yenyewe usipotoa tiki. Za karatasi uza hata jahazini 😂

Omari_Mambrui: Tangu 2015 wanalipa kwa kurasa zilizosomwa, sio kwa kuazimwa, so riwaya nene inayomshika mtu ndo ina pesa, diwani ya mashairi utaambulia senti. Mi mashairi nisingepeleka kabisa.

MwanaShela: Na sura niliyotupia WhatsApp?

BintiMalindi: Kionjo mwisho asilimia 10 ya kitabu, ikizidi ifute.