Tupeane uzoefu: mkate wa nyama ya bata mzinga usiokauka

#1
Wakuu, uzi huu ni wa mkate wa nyama ya kusaga ya bata mzinga, ule unaookwa mzima kisha unakatwa vipande mezani familia ikila chakula cha jioni. Wengi wanaukimbia kwa kosa moja: unatoka mkavu, unakaba koo. Tuweke vipimo na sababu, maneno matupu tuyaache. Naanza na msingi, unatosha watu sita:

Nyama ya kusaga ya bata mzinga gramu 900
Chenga za mkate mkavu gramu 75
Maziwa mililita 150
Mayai 2
Kitunguu maji kikubwa 1 (gramu 150 hivi), kikatwe kidogo kidogo sana
Kitunguu saumu punje 3
Nyanya nzito ya kopo kijiko 1 cha chakula
Sosi ya soya kijiko 1 cha chakula
Chumvi laini kijiko 1 na nusu cha chai
Pilipili manga nusu kijiko cha chai
Siagi au mafuta vijiko 2 vya chakula

Loweka chenga kwenye maziwa dakika 10. Kaanga kitunguu maji kwa moto wa wastani dakika 8 hivi mpaka kilainike kabisa, tia saumu, kisha nyanya, geuza dakika 2 mpaka rangi ikolee. Ipua, poza. Piga mayai, changanya na chenga, vitunguu, soya, chumvi na pilipili. Nyama inaingia mwisho. Finyanga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea: urefu sentimita 24, upana 12, kimo 6. Oveni nyuzi 175, rusu ya kati, kama saa nzima, na katikati pawe pamefika nyuzi 74. Pumzisha dakika 15 ndipo ukate.

Wenye lao waongeze.

#2
Kabla ya yote, angalia nyama yenyewe. Kidari kitupu kilichosagwa kina mafuta kidogo mno, asilimia 1 au 2, na hicho ndicho kinachowapa watu jina baya. Mapaja yakichanganywa na kidari unapata asilimia 7 hadi 15, na tofauti unaiona hata kwenye bakuli: nyama inang'aa kidogo na haishiki vidole kama gundi. Kama pakiti imeandikwa asilimia ya mafuta, lenga 7 au zaidi.

Ukibaki na kidari peke yake, ongeza mafuta ya kula vijiko 2 vya chakula kwenye mchanganyiko. Usiongeze maziwa ukidhani unafidia. Mafuta na maji kila kimoja kina kazi yake.

Na kama nyama ilikuwa imegandishwa, iyeyushie kwenye friji. Gramu 900 inataka kama siku nzima. Yale maji mekundu chini ya pakiti mwaga, usiyatie bakulini. Punguza maziwa yabaki mililita 120.

#3
Watu wengi wanazirusha chenga za mkate zikiwa kavu kwenye nyama, halafu maziwa yanafuata juu. Chenga kavu zinakunywa maji yoyote yaliyo karibu, na yaliyo karibu ni ya nyama. Zikishakunywa maziwa kwanza zinakuwa zimeshiba, na wanga wake ukipata joto unashika yale maji badala ya kuyaachia treini. Pia zinakaa katikati ya nyuzi za nyama, zile nyuzi zisikazane zikiiva. Nyama inayokazana ndiyo inayojikamua.

Jinsi ya kujua zimefika: chota kwa kijiko, ubonyeze upande wa pili wa kijiko. Ukiona ute mzito usio na punje ngumu, na hakuna maziwa yanayochuruzika pembeni, endelea. Kama maziwa bado yanaogelea, ngoja dakika 5 nyingine. Kama umekuwa mgumu unabaki mzima kama tonge, ongeza vijiko 2 vya maziwa.

Asiyetumia maziwa aweke supu ya kuku iliyopoa, kipimo kilekile. Asiyekula ngano aweke shayiri ya uji (oats) iliyopondwapondwa (aina iliyothibitishwa haina ngano), gramu 75, ila iloweke dakika 20 maana ni mvivu kulainika.

#4
Nyongeza kwa #1: kitunguu kipoe KABISA. Kitunguu cha moto kinaanza kuivisha mayai na kulainisha mafuta ya nyama kabla hujafinyanga, na mchanganyiko unakuwa wa kuteleza usioshika umbo. Kitandaze kwenye sahani pana, dakika 10 kimepoa.

Na kibichi usitie. Kinatoa maji ndani wakati wa kuoka, kinaacha vishimo, na ukikata kisu kinapita penye kishimo, kipande kinakatika. Juu ya hayo kinabaki kigumu mdomoni wakati nyama imeshaiva.

#5
Suala la kuchanganya halijasemwa vya kutosha. Chumvi ikigusana na nyama ya kusaga, ukaanza kukanda kama unga wa chapati, protini inatoka na kuwa ya kunata. Kwenye soseji ndicho tunachokitaka. Hapa utapata kitu cha kuvutika kama mpira, hakina chenga chenga, na watoto watakisukuma pembeni ya sahani.

Panua vidole kama reki, inua nyama kutoka chini, iangushe, zungusha bakuli. Sekunde 40 hadi 60 zinatosha. Ukiona bado kuna michirizi miwili mitatu ya weupe wa chenga, acha hapohapo. Ndiyo maana #1 ameweka nyama mwisho: vingine vyote vinakuwa vimeshachanganyika, hulazimiki kukanda kuvitafuta.

Nyama iwe ya baridi kutoka kwenye friji, mikono uiloweshe maji baridi. Haitanata.

#6
Onja kabla ya kuoka, lakini si mbichi! Chota kijiko kimoja, kibonyeze kiwe chembamba, kaanga dakika 2 kila upande mpaka kiive, kula. Bata mzinga hana ladha kali ya kujitetea, chumvi ikipungua kidogo mkate mzima unakuwa kama hospitali. Ukikuta umepooza ongeza robo kijiko cha chai cha chumvi, au soya kidogo zaidi.

#7
Mimi ni wa chombo cha mkate, si trei, na najua nitapingwa. Kwenye chombo cha sentimita 23 kwa 13 umbo linashika hata mchanganyiko ukiwa laini, na majimaji yanabaki yanauzunguka.

#8
Nakupinga, #7, kwa heshima zote. Yale majimaji yanauchemsha. Pembeni panakuwa pa kijivu, palaini, hapana hata ukoko wa kuumauma, na muda unaongezeka dakika 10 mpaka 15 kwa sababu hewa ya moto inagusa juu tu. Kwenye trei hewa ya moto inagusa pande tatu, sosi inashika mpaka ubavuni.

Kama tatizo ni umbo, tumia chombo kama kibao cha kufinyangia: weka karatasi au plastiki ndani, shindilia nyama taratibu upate kona nzuri na kuondoa mifuko ya hewa, pindulia kwenye trei, toa chombo na plastiki. Halafu kwa kidole gumba bonyeza mfereji mdogo juu, kina cha sentimita 1, kutoka mwanzo hadi mwisho. Katikati huwa panavimba. Ukiacha mfereji utatoka ukiwa sawa, na sosi haitiririki yote.

Mipasuko mikubwa juu ina sababu tatu: mifuko ya hewa, oveni yenye moto wa kupita kiasi (nyuzi 200 huko), au mchanganyiko mkavu.

#9
Naunga mkono trei. Ila unayetaka chombo, angalia saizi: kikijaa mpaka mdomoni mafuta yatamwagika chini ya oveni na moshi utakutoa jikoni. Weka trei nyingine chini yake.

#10
Muda ni makadirio, oveni hazifanani. Anayeamua ni kipimajoto. Kichomeke kutokea ubavuni mwa mkate, ncha ifike katikati kabisa. Ukichomeka kutoka juu ni rahisi kupitiliza ukagusa trei, ukasoma joto la chuma. Anza kupima dakika ya 50.

Nyama ya kusaga ya ndege inatakiwa ifike nyuzi 74. Hakuna mjadala hapo, kwa sababu kusaga kunachanganya cha nje na cha ndani, vijidudu vinakuwa kila mahali. Mkate wa ukubwa huu unaendelea kupanda nyuzi 2 au 3 baada ya kutoka, kwa hiyo unaweza kuutoa ukiwa 72 huku kipimajoto kimebaki ndani. Usipofika 74 unarudi ndani. Ukiuacha mpaka 80 au 85 "kwa usalama", maji yote yanakuwa treini na tunarudi kwenye malalamiko ya #1.

Rangi msiitegemee. Bata mzinga anaweza kubaki na wekundu hafifu akiwa ameiva, na vitunguu na mboga ndani ya mchanganyiko vinachangia. Vilevile anaweza kuwa mweupe kabla hajafika.

#11
Sosi ya juu: tomato sosi mililita 120, sukari ya kahawia vijiko 2 vya chakula, siki kijiko 1 cha chakula, haradali kijiko 1 cha chai. Koroga tu, haichemshwi.

Usipake mwanzoni. Nyama ikianza kupata joto inasukuma nje maji na ule utando mweupe (protini iliyoganda, haina madhara), sosi inateleza nao mpaka chini na sukari inaungua kwenye karatasi. Dakika ya 35 fungua, pangusa utando kwa karatasi ya jikoni, paka nusu. Dakika ya 50 paka iliyobaki. Inatakiwa imalize ikiwa inang'aa na inanata kwenye kidole. Ukitaka ikolee zaidi washa moto wa juu dakika 2, usiondoke mlangoni.

#12
Swali: umeiva, 74 imefika, lakini ukikatwa unamomonyoka. Kosa liko wapi?

#13
#12, mara nyingi ni papara. Ukitoka kwenye oveni majimaji bado ni mepesi yanakimbia. Dakika 15 yanatulia. Tumia kisu cha mkate chenye meno, vipande vya sentimita 2, vuta kisu mbele na nyuma bila kukandamiza.

Kama umepumzisha na bado, hesabu mayai: moja kwa kila gramu 450. Au mboga ni nyingi. Mboga zote kwa pamoja, zikishakaangwa, zisizidi robo ya uzito wa nyama. Karoti ya kukwaruza haina shida, lakini mboga za maji kama zukini zitiwe chumvi, ziachwe dakika 10, zikamuliwe kwenye kitambaa mpaka mkono uchoke.

Asiyekula mayai: unga wa mbegu za kitani kijiko 1 cha chakula na maji vijiko 3 kwa kila yai, ukae dakika 10. Unashika, ila si kama yai. Tengeneza mikate midogo miwili badala ya mmoja.

#14
Mboga nzuri kuliko zote hapa ni uyoga. Gramu 200, ukatwe uwe kama chenga, ukaangwe bila mfuniko mpaka uache kutoa maji na uanze kulia kwenye kikaango. Unaongeza utamu wa nyama ambao bata mzinga anaukosa, na unabaki laini. Punguza maziwa mililita 30.

Hatua nyingine, kwa anayetaka kwenda mbali: jelatini ya unga gramu 7. Inyunyize juu ya supu baridi mililita 60, iache dakika 5 ivimbe, changanya na chenga, na maziwa yashuke mpaka mililita 90. Bata mzinga wa kusaga, hasa kidari, hana gegedu na kano za kutosha kuyeyuka na kulainisha, jelatini inaziba pengo hilo.

#15
Jelatini ni mbwembwe. Ukitumia nyama yenye mapaja na usipopitiliza joto huihitaji.

#16
Kwa kidari kitupu inasaidia kweli, hapo nipo na #14. Kwa mapaja nakubaliana na #15.

#17
Familia kubwa wasifanye mkate mmoja mnene. Kimo ndicho kinachoamua muda, na kikifika sentimita 9 nje panakauka ndani hapajafika. Fanya miwili, iachane sentimita 5 kwenye trei, ongeza dakika 5 hadi 10.

Wenye haraka: gawa kwenye trei ya keki ndogo, vikombe 12, nyuzi 190, dakika 20 hadi 25. Sosi unapaka mara moja tu, dakika ya 12. Ukoko unakuwa mwingi, watoto wanagombania.

#18
Kiporo: kiingie friji kabla ya masaa 2 kupita, kinakaa siku 3 hadi 4. Friza miezi 3, kikatwe vipande kwanza, kila kipande na karatasi yake, utoe unachohitaji tu.

Kupasha, panga vipande kwenye chombo, tia supu au maji kijiko 1 kwa kila kipande, funika foili, nyuzi 150 kama dakika 20, na kirudi nyuzi 74. Bila foili unakausha ulichokihangaikia. Au kipande baridi kikaange kwa siagi kidogo mpaka kiwe kahawia pande zote, ukiweke kati ya vipande viwili vya mkate. Wapo wanaofanya mkate wa nyama mkubwa kwa ajili ya hilo tu.