Mjadala: Nafasi ya pembeni mwa barabara kati ya shule zetu mbili apewe nani?

Ndugu zangu, Jumamosi tulikuwa na mkutano wa mtaa huku kwetu Temeke na tukatoka bila kukubaliana. Kuna kipande cha barabara kati ya shule ya msingi na sekondari ya kata, hakifiki kilomita moja. Pendekezo lililoletwa ni kwamba upande mmoja, kwenye hifadhi ya barabara, ijengwe njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, iliyoinuliwa na yenye nguzo za zege. Waliopinga walisema wafanyabiashara wadogo watakosa pa kukaa, baiskeli siku hizi haziendeshwi, na matuta mawili yanatosha. Mimi naunga mkono njia ijengwe. Naweka sababu zangu hapa, mwenye hoja nyingine naye aweke yake.

Nendeni pale mchana, wakati wa kubadilishana zamu. Wa asubuhi wanatoka, wa mchana wanaingia, wote wanapishana kwenye ukingo wa lami usiozidi hatua moja, kwa sababu baada ya hapo ni mtaro na mifuniko yake mingi imeng'olewa. Wiki iliyopita nilimwona binti, kama wa darasa la tano, amemshika mdogo wake mkono. Mdogo amemweka upande wa mtaro, yeye kakaa upande wa magari. Daladala ikasimama mbele yao kushusha abiria, ikabidi waizunguke kwa kuingia barabarani. Bodaboda aliyekuwa anaipita ile daladala alipiga breki, akayumba, akanyooka, akaenda zake. Yule binti hakupiga hata kelele. Alimvuta mdogo wake, akageuka kuangalia nyuma, wakaendelea na safari. Amezoea, na ndicho kilichoniuma. Msiniambie wapande daladala. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200 na sote tunajua konda anavyowazuia mlangoni akiona sare.

Kuhusu matuta: nayataka, lakini peke yake hayatoshi. Tuta linapunguza mwendo pale lilipo, dereva akishavuka anakanyaga mafuta. Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri 30 penye watoto, kwani gari la 30 husimama ndani ya mita 13 hivi na la 50 linahitaji zaidi ya 20. Halafu tuta halimsaidii mtoto anayezunguka daladala. Hapa hapa Dar shirika la Amend, linaloshughulikia usalama barabarani, limeshafanya kazi hii kwenye shule nyingi: njia za miguu, matuta, nguzo, pengine hata kuhamisha geti la shule lisifungukie barabara kubwa. Mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute. Vitu vyenyewe ni zege, rangi na mabango tu, fundi wa mtaani anaviweza.

Baiskeli? Kijana wangu yuko kidato cha pili, anayo, aliachiwa na mjomba wake. Iko stoo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkataza kwenda nayo shule. Naamini wazazi wa aina yangu ni wengi hapa mtaani.

Hoja ya wafanyabiashara ndiyo nzito, nami siipuuzi. Mama anayeuza maandazi na ubuyu pale getini anasomesha kwa ile meza. Mwaka 2021 machinga walipopangwa upya jijini tuliona waliopelekwa mahali pasipo na wateja. Sitaki hilo lirudi. Ninachopendekeza ni mtaro ufunikwe kwa zege, njia ipite juu yake kando ya barabara, na meza zikae nyuma ya njia zikiitazama. Mwanafunzi atapita mbele ya meza badala ya kuikwepa kwa kuingia barabarani, na mama hatapoteza mteja. Kama upana hautoshi, wapunguze pale magari yanapoegeshwa. Barabara yetu iko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, kwa hiyo ombi liende na vipimo mkononi.

Kinachonipa wasiwasi ni bodaboda. Njia za baiskeli zilizojengwa Barabara ya Morogoro pamoja na njia ya mabasi ya mwendokasi, tazameni: pikipiki zinapita, magari yameegeshwa. Nguzo zitazuia gari na bajaji, lakini panapopita baiskeli na kiti cha magurudumu, pikipiki inapita pia. Nimefikiria sana, nimeona kijiwe chao kipewe eneo rasmi mwanzoni mwa njia, na wenyewe wasimamie wenzao wasiingie. Wengi wao wana watoto kwenye shule hizo hizo. Madereva wa kijiwe mlioko humu, semeni: mkipewa eneo hilo, mtaisimamia?