Maiki inarekodi upande wa kushoto tu, kulia kimya. Shida ni maiki, waya au kompyuta?

Msimulizi_wa_Usiku:
Wakuu habari za mida. Mimi nasoma simulizi naziweka YouTube, zamani nilikua narekodi na simu ila mwezi huu nimejikamua nikachukua maiki ya kondensa ya XLR (ile plagi ya pini tatu) na saundikadi ya USB, ile ndogo yenye tundu moja la maiki na pembeni tundu la gitaa. Sauti jamani ni safi mno, kasheshe ni kwamba inatoka kushoto tu, kulia hakuna hata mvumo. Wasikilizaji wangu wengi wanasikiliza wamelala na earphone moja sikioni sasa aliyechomeka ile ya kulia anaona video inatembea na hasikii kitu, kuna mmoja kaandika kwenye komenti kwamba alidhani bando limekata 😂. Nimebadili waya, nimebadili poti ya USB, nimeazima laptop ya jirani, hali ni ileile. Narekodi kwa programu ya Audacity, Windows 10. Dukani wananijibu kifaa hakina shida. Nimeuziwa kimeo au vipi?

fundi_kelele:
Hujauziwa kimeo mkuu, na wa dukani hawajakudanganya. Maiki yako inatoa sauti moja tu, haina kushoto wala kulia. Najua kuna watu wakiona pini tatu za XLR wanadhani mbili ni za masikio mawili, hapana, pini ya 2 na ya 3 zinabeba sauti ileile moja ila moja imegeuzwa kinyume, ili makelele yanayoingia njiani yajifute yakifika kwenye saundikadi. Ya 1 ni ethi.

Sasa hiyo saundikadi yako kwa kompyuta inajitambulisha kama kifaa cha chaneli mbili, tundu la maiki linaingia kushoto na la gitaa linaingia kulia. Audacity ikiwa kwenye stereo inarekodi yote mawili, kushoto uko wewe na kulia kuna tundu la gitaa ambalo hujachomeka kitu. Angalia mawimbi ya rekodi yako, mstari wa chini utakua umenyooka kama uzi. Ukikuta mawimbi yapo juu na chini lakini bado unasikia upande mmoja, hapo ndio uanze kushuku hedifoni au jeki haijaingia mpaka mwisho.

Kuanzia leo nenda Audio Setup, kwenye Recording Channels weka 1 (Mono) urekodi hivyo hivyo. Traki ya mono ikichezwa inatoka masikio yote mawili sawasawa. Zile ulizokwisha rekodi bonyeza jina la traki chagua "Split Stereo to Mono", utapata traki mbili, futa ile tupu. Kuwa makini kuna nyingine inafanana jina, "Split Stereo Track", hiyo inatenganisha lakini kila moja inabaki upande wake kwahiyo utarudi hapahapa unalalamika.

mzee_wa_shortcut:
Mbona mnazunguka sana, ingia settings za Windows tafuta Mono audio washa, mimi yangu ilipona hapohapo

fundi_kelele:
Hiyo inabadilisha unachosikia wewe kwenye laptop yako tu mkuu. Faili likifika kwa mtu mwingine bado lipo kushoto, na ubaya wake ndio huo, wewe utasikia iko poa utapandisha video ukiwa na amani kabisa.

Msimulizi_wa_Usiku:
Aisee mono imekubali, asante sana mkuu. Ila kuna kitu sijaelewa, jana kabla sijauliza hapa nilitumia ile "Mix Stereo Down to Mono" kwenye sura moja, masikio yote yakatoa lakini sauti ikashuka mpaka nikadhani nilikaa mbali na maiki. Kwanini ile imeshuka na hii haijashuka?

bi_mkubwa_wa_mixa:
Kwasababu kumiksi maana yake inajumlisha pande mbili halafu inagawa kwa mbili mwanangu. Upande mmoja una sauti yako, mwingine sifuri, ukigawa unabaki na nusu, yaani umeshuka desibeli 6. Waweza kuzirudisha kwa Amplify, ile ya kuongeza sauti, lakini kama lile tundu la gitaa lilikua na kamvumo na wewe hukuliona basi umeshauchanganya humo ndani hautoki. Ndio maana ni bora kutenganisha na kutupa upande mtupu.

Na siku ukienda laivu na OBS utakutana na jambo hilohilo. Kule fungua Advanced Audio Properties tia tiki Mono kwenye maiki, nayo inashusha vilevile, hivyo ongeza filta ya Gain 6 dB. Halafu tazama mita isigonge wekundu ukicheka.

Kim_wa_Nax:
Wasee mimi huku Nakuru nashuti harusi, wacha niongeze hii juu ni hatari kuliko hiyo ya sikio moja. Ukitoa XLR uingize kwa kamera na kebo ya 3.5 mm, kuna kebo zingine zimeungwa pini ya 2 kushoto na ya 3 kulia. Kwa hedifoni unasikia pande zote mbili, unaona iko sawa, labda tu sauti ni kama haina mahali imekaa. Sasa bibi harusi akifungua hiyo video kwa simu yenye spika moja, pande mbili zikikutana zinafutana, kiapo chote hakuna! Muziki wa nyuma unasikika lakini pasta anatingisha mdomo tu. Dawa ni hiyo hiyo ya fundi, tenga kushoto na kulia, tupa mmoja, ule umebaki uweke mono. Na kebo peleka kwa fundi akuungie pini ya 2 iende kushoto na kulia zote, ya 3 ikae na ethi. Kama ni maiki ya kondensa lakini usifanye hivyo bila kuuliza, mambo ya phantom, ule umeme unaolisha maiki kupitia waya, hayataki mzaha.

Msimulizi_wa_Usiku:
Duh. Sasa zile video ambazo zishapanda YouTube nazirekebishaje, nahariri kulekule?

bi_mkubwa_wa_mixa:
Kulekule haiwezekani, YouTube hairuhusu kubadilisha faili ukabaki na linki ileile, lazima upandishe upya na watazamaji wanaanza sifuri. Zenye watu wengi mimi ningeziacha. Hizo unazopandisha tena huna haja ya kueditia upya video nzima, kama una ffmpeg, ile programu ya kubadili faili kwa kuandika amri, iandikie hivi:

ffmpeg -i zamani.mp4 -c:v copy -af "pan=mono|c0=c0" mpya.mp4

Picha inabaki kama ilivyo, sauti inachukuliwa ya kushoto peke yake. Jaribu na moja kwanza, isikilize mpaka mwisho, na zile za zamani usizifute bado.