Je, hadithi ya kubuni inaweza kumfanya mtoto apende mazoezi ya muziki?

Mwalimu wa Jumamosi, Kisumu

Hamjambo wenzangu. Kila Jumamosi huwafundisha watoto 11, wenye umri wa miaka 8 hadi 13, katika ukumbi wa kanisa hapa Kisumu; saba wanajifunza kinanda na wanne nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Waluo. Saa moja ya darasa haifiki mbali pasipo mazoezi ya nyumbani, na hapo ndipo ninaposhindwa. Mwezi uliopita niliwatungia hadithi ya mvulana wa Dunga aliyeikuta nyatiti ya marehemu babu yake, akaipiga usiku mmoja tu, na kulipokucha majirani wote walikuwa wamejaa uani kumsikiliza. Watoto walinyamaza kimya hadi mwisho, kisha wakaomba niirudie. Jumamosi iliyofuata hapakuwa na hata mmoja aliyefanya mazoezi, na msichana wa miaka 9 anayejifunza nyatiti aliniuliza, kwa uso wa huzuni kabisa, kwa nini vidole vyake havijui wimbo ilhali vya yule mvulana vilijua. Nilikosa jibu. Je, kuna aliyewahi kutumia hadithi ikamsogeza mtoto karibu na ala yake? Na zinawafaa hata hawa wa miaka 12 na 13?

Mwalimu wa fidla, Nakuru

Mwalimu mwenzangu, msichana huyo ameuona upungufu wa hadithi yako kabla yetu sote. Umemsimulia tunda ukauficha mti. Mvulana anayepiga vizuri usiku wa kwanza humfundisha mtoto kwamba kipaji hujitokeza chenyewe, kwa hiyo asiyeweza mara moja hujihesabu kuwa hana. Usiitupe hadithi; ule usiku mmoja ufanye uwe miezi mitatu, na umwache mvulana akosee mbele ya msomaji.

Nitakueleza jambo moja lililonifaa. Nilikuwa na mwanafunzi wa miaka 10 ambaye kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa dhaifu, na kila alipokifikia kwenye uzi sauti ilishuka. Nilimtungia kisa cha mlinzi ambaye lango lake hufunguliwa kwa sauti nne, na ya nne ndiyo hiyo ya kidole kidogo. Nilisimulia mpaka langoni, nikanyamaza, yeye akapiga. Sauti ikiwa chini, lango halifunguki na hadithi haiendelei. Tulikaa langoni pale wiki tatu. Katika wiki ya pili nilimhurumia nikalifungua ingawa sauti ilikuwa bado chini, naye akanitazama kama mtu aliyepunjwa, kwa maana masikio yake yalikuwa yamekwisha kumwambia ukweli. Tangu siku hiyo sijawahi kudanganya ndani ya hadithi. Mtoto huvumilia kuachwa nje ya lango, lakini sifa asiyoistahili huifahamu upesi, na akiisha kuifahamu haamini tena sifa yoyote.

Mzee wa ngoma, Kakamega

Walimu wangu, nawashukuru. Napenda kukumbusha kwamba jambo hili tulirithishwa. Katika ngano nyingi tulizosimuliwa jioni, baada ya paukwa na pakawa, ulikuwamo wimbo, na wimbo huo ulifanya kazi ndani ya kisa. Kumbukeni ile ya zimwi linaloiga sauti ya mama ili mtoto alifungulie mlango. Sauti ikiwa nzito mno, mtoto aliye ndani hafungui. Uhai wake unategemea kuitofautisha sauti moja na nyingine. Sisi watoto tuliitikia wimbo huo mara nyingi kwa usiku mmoja bila kuchoka, na aliyekosea kiitikio aliambiwa na wenzake papo hapo. Yalikuwa mazoezi ya sauti na ya masikio, ila hakuna aliyeyaita hivyo.

Katika isukuti, ngoma yetu ya kucheza ambayo UNESCO iliiandikisha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, tunapiga ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Mtoto anayepewa ndogo hunung'unika. Mimi humwambia kwamba hawa ni baba, mama na mtoto walio safarini usiku msituni, wasioonana, na kila mmoja anajua wenzake wapo kwa kusikia mapigo yao tu. Mtoto akinyamaza, wazazi watarudi kumtafuta. Baada ya hapo sijalazimika kumhimiza mtu ashike mapigo yake.

Mzazi, Kisumu

Ninawaheshimu nyote, lakini naomba tusiitwike hadithi mzigo usio wake. Mwanangu alifanya mazoezi kwa ari muda wote mwalimu wake aliposimulia kisa kwa sehemu sehemu. Kisa kilipokwisha wakati wa likizo, hakukigusa kinanda kwa majuma mawili. Kilichomrudisha ni saa maalumu: dakika 15 baada ya chai, kabla ya kazi za shule, nami nikiwa nimeketi karibu naye. Zaidi ya hayo, wengine hawana ala nyumbani. Jirani yangu amemchorea bintiye vibao vya kinanda kwenye kadibodi, na mtoto huyo anafanya mazoezi ya vidole huku akiimba solfa (do, re, mi) mwenyewe. Kwake yeye hadithi ina nafasi kubwa, maana tayari anabuni sauti zisizokuwapo.

Kuhusu hao wa miaka 12 na 13, wangu alikataa mazimwi katakata. Alichokubali ni habari ya kweli ya Eriko Mukoyama, mwanamke Mjapani anayejulikana kwa jina la Anyango, aliyekuja Siaya kujifunza nyatiti, ala ambayo kwa desturi ilipigwa na wanaume. Huyo msichana wako wa miaka 9 pia anastahili kuisikia habari hiyo.

Mwalimu wa Jumamosi, Kisumu

Asanteni sana. Mama, nimeyapokea ya dakika 15, na nimewaandikia wazazi wote. Hadithi nimeiandika upya. Sasa pete ya chuma, ambayo mpiga nyatiti huivaa kidole gumba cha mguu ili agonge mapigo kwenye ala, inamchomoka mvulana kila anapogonga, kama inavyowachomoka wanafunzi wangu, ambao huwafungia kipande cha kitenge ili isianguke. Nyuzi zote nane anazijua kwa mkono lakini mguu na mkono havijapatana. Wiki hii msichana yule alikuja na pete yake imekwisha kufungwa kitenge tangu nyumbani, akaniuliza kama mvulana ameweza. Nilimjibu kwamba bado yuko usiku wa tisa, na mguu ungali unawahi. Akaketi kwenye kigoda, akasema kwamba wake unachelewa, akaanza kupiga.