Mafia, Pemba au Unguja: kisiwa kipi kwa familia inayotaka kuona viumbe na maumbile ya pwani?

Mwalimu wa Tukuyu
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi na mke wangu tumekubaliana kuwapeleka watoto kisiwani kabla mkubwa wao hajaanza shule ya bweni. Hatutafuti hoteli wala muziki wa ufukweni. Tunataka waone mikoko, matumbawe, mapango, kasa, popo wakubwa na ndege ambao huku kwetu hawapo. Watoto wamekulia milimani. Wamefika Ziwa Ngozi, wamelitazama Daraja la Mungu na wamecheza majini pale Matema, lakini bahari wanaijua kwa picha za vitabuni tu. Walimu wenzangu wanasema Unguja, mke wangu anasema Mafia, na jirani yetu mmoja amesisitiza Pemba. Naomba mnisaidie kulinganisha: ni kisiwa kipi chenye mengi ya kuona kwa familia?

Mnyalukolo
Mwalimu, kamwene. Swali lako ni zuri, ila umeliacha wazi mno. Hukutaja mwezi, na baharini mwezi ndio jambo la kwanza, kwa kuwa pepo za msimu, kaskazi na kusi, hubadilisha weupe wa maji, ukubwa wa mawimbi na hata viumbe wanaokaribia pwani. Hukutaja umri wa watoto, wala kama wanajua kuogelea, wala fedha mliyotenga. Usipoyasema hayo, kila mmoja hapa atakusifia kisiwa anachokipenda yeye, nawe utabaki pale pale.

Mpemba wa Soweto
Assalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Wete, sasa nafanya biashara hapa Soweto, Mbeya, na nitasema ninachokijua. Kati ya Pemba na bara kuna mkondo wenye kina kinachokaribia mita 800, kwa hiyo kisiwa hicho hakikuunganika na bara hata katika zama ambazo bahari ilishuka sana, ilhali Unguja na Mafia zimetenganishwa na bara kwa maji ya kina kifupi. Kwa sababu ya kutengwa huko, Pemba ina aina nne za ndege wasiopatikana popote pengine duniani, akiwamo ninga wa Pemba na bundi wake mdogo ambaye utamsikia usiku ukiwa karibu na msitu wa Ngezi.

Halafu kuna popo wa Pemba. Huyu si popo wa darini mnayemfahamu. Mabawa yake yakikunjuliwa huzidi mita moja, manyoya yake ni ya rangi ya kutu, na uso wake ni mrefu kama wa mbweha. Mchana hujining'iniza kwenye matawi ya juu, amejifunika kwa mabawa, na jua likizidi hujipepea kwa bawa moja. Alikaribia kutoweka kwa kuwindwa, lakini tangu miaka ya 1990 wanavijiji wenyewe walishika ulinzi wa makazi yake, na sasa yuko kwa maelfu. Pale Kidike unaweza kumtazama bila kumsumbua. Ukitoka Ngezi unafika ufukwe wa Vumawimbi, ambao mara nyingi hauna mtu, na mbele yake kuna mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Kisiwa cha Misali, ambacho ni hifadhi tangu 1998, kina matumbawe yanayoonekana bila kwenda mbali na ufuko. Mwalimu, watu wengi huipita Pemba kwa sababu haitangazwi.

Mama Neema, Mafinga
Mwalimu, usiogope kuchagua Unguja kwa kuwa tu inajulikana. Kwa watoto ambao hawajawahi kupanda chombo cha baharini, boti ya kutoka Dar es Salaam ni safari ya takriban saa mbili, na ukishafika, usafiri wa daladala upo hadi lango la Jozani. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilianzishwa 2004, na ndani yake mtawaona kima punju, kima mwekundu wa Zanzibar ambaye asili yake ni Unguja peke yake. Sensa iliyochapishwa 2017 ilikuta zaidi ya 5,000. Wamezoea watu kiasi kwamba huendelea kula mbele yenu, lakini msiwaguse na msiwape chakula.

Jambo lililonishangaza ni mkaa. Mwongozaji wetu alitusimamisha karibu na shamba lililochomwa, tukamwona jike aliyeng'ang'aniwa tumboni na mtoto wake akishuka mtini, akachukua kipande cha mkaa, akakigeuza mkononi mara mbili, akarudi juu akitafuna, na midomo ikawa myeusi tii. Alitueleza kwamba kima hao hula majani ya mkungu na mwembe yenye kemikali zinazodhuru tumbo, na mkaa hunyonya kemikali hizo. Mtoto wangu hadi leo analieleza hilo kuliko wanavyolieleza wakubwa. Upande wa pili wa barabara kuna njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, ambapo maji yakipwa mnaona kaa wakitoka kwenye mashimo. Mkipata siku ya ziada, pandeni boti hadi kisiwa cha Changuu mkawaone kobe wakubwa ambao wazazi wao wa kwanza walitoka Shelisheli kama zawadi mwaka 1919.

Mwalimu wa Tukuyu
Nawashukuru, na ninajaza yaliyokosekana. Tutasafiri Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Watoto wana umri wa miaka 13, 10 na 6. Mkubwa anaogelea kidogo, wengine hawajui. Tuna juma moja pamoja na safari ya kwenda na kurudi, na tumetenga shilingi milioni mbili na nusu iliyotokana na parachichi. Mke wangu anataka Mafia kwa sababu alisoma habari za papa potwe na za kasa wanaoanguliwa mchangani.

Mtumishi wa zamani Kilindoni
Mwalimu, mimi ni mtu wa Njombe lakini nimefanya kazi Mafia kwa muda mrefu, nami nasema kwamba mwezi mliouchagua unakipa kisiwa hicho nafasi kubwa kwa potwe na unakiondolea nafasi kwa kasa. Kasa hutaga hasa kwenye kisiwa cha Juani, na vitoto vyao huanguliwa zaidi kati ya Juni na Septemba. Desemba msitarajie kuviona, na anayewaahidi kinyume cha hapo msimpe fedha.

Potwe ni habari nyingine. Msimu wake pwani ya magharibi, mbele ya mji wa Kilindoni, ni kuanzia Oktoba hadi Machi. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini hana neno na binadamu, kwa kuwa chakula chake ni uduvi na viumbe wadogo anaowachuja kwa mdomo uliopanuliwa. Wengi wanaoonekana Mafia ni madume ambao bado hawajakomaa. Wavuvi huwatambua kwa mbali kwa jinsi maji yanavyotulia na ndege wanavyozunguka, kisha bapa la mgongo lenye madoa meupe hupita chini ya mtumbwi polepole, na mkia hufuata baadaye sana. Huyo mtoto wa miaka 6 hana haja ya kuingia majini, kwani akiwa ndani ya boti atamwona vizuri. Mkubwa akiingia, avae jaketi okozi, asimguse samaki na akae mbali na mkia.

Upande wa mashariki ni Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa 1995 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Kiingilio hulipwa Utende, na kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni, kwa hiyo bebeni vitambulisho vya taifa. Kutoka Utende mnavuka kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Chole, ambako kuna popo wakubwa wa jamii ya wale wa Komoro, mafundi wanaojenga majahazi kwa mkono, na magofu yaliyomezwa na mizizi ya miti. Juani kuna magofu ya Kua. Yote hayo hayahitaji kuogelea.

Kuhusu safari: basi la Mbeya linawafikisha Mbezi jioni, mnalala Dar es Salaam, asubuhi mnaelekea Mbagala kutafuta gari la Nyamisati, na hapo mnapanda kivuko. Ulizeni siku na saa za kivuko kabla hamjatoka Tukuyu.

Mkulima wa Usangu
Naomba nieleze yaliyotupata, ili mwalimu ajue la kuuliza. Tulikwenda kusini mwa Unguja kuwaona pomboo. Mwenye boti, ambaye simtaji, alituahidi kwamba tutatoka mapema kabla ya wengine na kwamba tutawatazama kwa utulivu. Tulipofika bahari kuu tulikuta boti nyingi zimeshatangulia, na kila pomboo walipoibuka, manahodha wote waligeuza na kuwakimbilia kwa kasi, wakiwakatia njia mbele. Kulikuwa na jike na mtoto wake. Walizama upande mmoja, wakaibuka upande mwingine, wakakuta boti tena, wakazama. Nilimwomba nahodha azime injini akanijibu kwamba wageni wake wengine wamelipia kuogelea nao. Shemeji yangu, ambaye alishasema tangu ufukweni kwamba haogelei, alipewa jaketi okozi lenye kamba iliyokatika na kuambiwa aruke haraka kabla pomboo hawajaondoka. Alikataa, akakaripiwa. Moshi wa injini ulimtapisha binti yetu njia nzima ya kurudi, na tulipodai sehemu ya fedha tukaambiwa mafuta yameshachomwa.

Sisemi watu wote wa pwani hufanya hivyo. Nasema kwamba kabla ya kulipa, mwalimu, uliza boti inabeba watu wangapi, nahodha anasimama umbali gani na mnyama, na yajaribu majaketi kwa mikono yako mwenyewe mkiwa bado nchi kavu. Hilo ni muhimu kuliko jina la kisiwa.

Mpemba wa Soweto
Pole sana, ndugu. Hata hivyo, hilo ni hoja ya kumkwepa mwenye boti mbaya, na huko Mafia nako boti hukimbilia potwe mmoja siku za msimu. Pia nina shaka na habari ya msimu. Samaki anayehama anaweza kukosekana hata Desemba, lakini popo wangu wako pale pale mwaka mzima.

Mtumishi wa zamani Kilindoni
Ndugu yangu, hapo nitakupinga kwa heshima. Watafiti waliwafungia potwe wa Mafia vifaa vya kutoa mawimbi ya sauti na kukuta kwamba wengi wao hawahami, ila nje ya msimu husogea mbali na ufuko na kushuka kina zaidi, kwa hiyo macho hayawaoni. Hakuna anayeweza kukuhakikishia siku fulani, hilo nakubali. Ndiyo maana ningemshauri mwalimu aweke siku ya akiba, asubuhi mbili badala ya moja.

Mkulima wa Usangu
Nyongeza ndogo ambayo huenda ikawafurahisha watoto. Mvua inayonyesha upande wa kaskazini wa milima ya Uporoto huingia mito ya Usangu, hupita Ruaha Mkuu, Mtera na Kidatu, na mwisho huingia Rufiji, ambayo delta yake inatazamana na Mafia. Kivuko cha Nyamisati kinapita kwenye mikoko ya delta hiyo. Sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, na bwawa lolote hushika tope. Nina wasiwasi na rutuba iliyokuwa ikifika baharini.

Mama Neema, Mafinga
Wasiwasi huo ni halali, lakini bwawa hilo lina uwezo wa megawati 2,115 na nchi inahitaji umeme. Tusilihukumu kabla ya vipimo vya miaka kadhaa. Kwa upande wa mwalimu, ninachokiona ni juma moja ambalo siku zake nyingi zitaliwa na barabara. Mafia ina basi, kulala, basi tena, kivuko, na vivyo hivyo kurudi. Pemba inadai chombo cha pili kutoka Unguja. Watoto watachoka.

Mnyalukolo
Kwa nini wasipande treni ya TAZARA hadi Dar es Salaam? Reli hiyo hukata kaskazini mwa hifadhi ya Selous ya zamani, na ukibahatika unaona twiga na tembo dirishani bila kulipa kiingilio.

Mama Neema, Mafinga
Treni naipenda, ila kwa mwenye juma moja ratiba ikiteleza, siku ya kisiwani ndiyo inayopotea. Kwenda kwa basi, kurudi kwa treni, labda.

Mwalimu wa Tukuyu
Nimewasomea wote nyumbani. Mke wangu hajabadilika, bado anataka Mafia ingawa sasa anajua hataona vitoto vya kasa. Mtoto wa kati anataka kima wanaokula mkaa. Mimi, nikipiga hesabu ya siku, naona Unguja ni rahisi, lakini potwe wa Desemba ananivuta. Hatujakata tikiti. Nauliza moja la mwisho: tukienda Mafia, kuna tarehe za kuepuka?

Mtumishi wa zamani Kilindoni
Tazameni mwezi angani kabla ya kalenda ya likizo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu kuna bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, ghuba ya Chole huacha wazi matumbawe na mchanga mpana, watoto wanaweza kutembea na kuona konokono, kaa na viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, lakini mkondo wa Kinasi huwa mkali na mtumbwi unaweza kukwama kabla ya Juani. Siku za maji mafu, ambapo kujaa na kupwa ni kudogo, mkondo hutulia na maji huwa meupe zaidi kwa mwenye kutazama chini kwa miwani. Kwa watoto wasioogelea ningechagua bamvua kwa kutembea Chole, kisha potwe upande wa Kilindoni asubuhi, kabla upepo haujapanda. Viatu vya mpira visisahauliwe, kwa sababu ya urumba, kiumbe wa baharini mwenye miiba, kwenye mwamba.