Naombeni ushauri: nihamie ekari mbili za Soga wakati kazi iko Posta?

Mbuyu_Mkavu: Wakuu, salamu. Nina ekari mbili upande wa Soga, Kibaha Vijijini. Nimejenga vyumba viwili, nimepaua, bado madirisha. Kazi yangu ni Posta, katikati ya Dar. Tangu treni ya umeme ya SGR ianze Juni 2024 naona mtu anaweza kulala shamba na kuamkia kazini. Watoto wawili wanasoma. Usingizi sipati. Nihame au nisubiri?

Mama_Matetea: Hamia kaka! Mimi niko Chanika mwaka wa saba. Nilianza na kuku mia mbili, ugonjwa wa mdondo ukapita, wiki moja tu nikabaki na jogoo na banda. Huyo jogoo naye akawa hawiki. Chanjo, kaka.

Bwana_Tochi: Treni haina shida, ilimradi usikate ile ya haraka inayopita moja kwa moja. Kazi iko kati ya stesheni na mlangoni kwako. Masika boda anakushusha usukume pikipiki, viatu mkononi, na nauli anachukua yote. Maji je?

Mbuyu_Mkavu: Kisima cha jirani, yana chumvi kidogo. Nitaweka tangi nikinge ya mvua.

Shangazi_wa_Mbezi: Mwanangu, umetaja watoto, treni, hadi chumvi. Mama watoto anasemaje?

Mbuyu_Mkavu: Ataelewa tu shangazi.

Shangazi_wa_Mbezi: Kumbe hajui.

Mbuyu_Mkavu: Shamba analijua. Asichojua ni kwamba nyumba yetu ya Mbagala nimeshaipokelea arbuni, na mnunuzi anataka tutoke mwisho wa mwezi. Lakini jamani, nyumba nilijenga mimi, jina ni langu, kila mvua tunachota maji sebuleni kwa beseni. Na arbuni ndiyo iliyopaua Soga. Sasa nirudishe nini?

Wakili_Pori: Jina lako halikusaidii. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59: nyumba ya ndoa huiuzi bila ridhaa ya mwenzako. Na hizo ekari una karatasi gani?

Mbuyu_Mkavu: Ipo, ina muhuri na sahihi ya mwenyekiti.

Wakili_Pori: Mwenyekiti peke yake? Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Na. 5 ya 1999. Mtu wa nje lazima akubaliwe na Halmashauri ya Kijiji, kwa kikao. Kaombe muhtasari wa kikao hicho kabla hujanunua madirisha.

Mzee_Kikohozi: Enzi zetu mke alikuwa anaambiwa siku ya kupakia kitanda.

Shangazi_wa_Mbezi: Ndiyo maana unalala na kikohozi peke yako.

Jicho_la_Mwewe: Mnahangaika bure. Januari huyuhuyu alifungua uzi wa kutafuta mchumba. Leo ana watoto wawili? Huyu ni dalali, anaipamba Soga. Subirini namba ya simu.

Mbuyu_Mkavu: Ule nilimwandikia mdogo wangu, hana simu kubwa. Picha ya karatasi hii hapa, majina nimeyaziba.

Bwana_Tochi: Dole gumba la muuzaji limefunika tarehe. Hapo ni 2023 au 2013?

Mama_Matetea: Dalali gani anakwambia maji yana chumvi?

Jicho_la_Mwewe: Haya. Ekari ya pembeni yake inauzwa?

Shangazi_wa_Mbezi: Si umesema ni dalali?

Jicho_la_Mwewe: Kwani dalali anauza hewa? Mbuyu, njoo inbox.

Wakili_Pori: Mbuyu, arbuni ni kiasi gani? Mbuyu?